Pompi Kwanza, Presi Baadaye

Mimi sikuitikisa ile mashini. Naanza na hapo kwa sababu kwa muda mrefu watu wa Kasongo na wa Kabambare wamekuwa wakisema kwamba Kitenge, prezida wa parking ya piki karibu na soko, ndiye aliyeharibu kompyuta ya Aurélie kwa kuendesha vibaya. Barabara ya Kabambare mnaijua. Kama hamuijui, bakini hivyo hivyo. Kuna mahali unateremka, unasukuma piki katika matope mpaka magotini, unapanda, na kabla makalio hayajapata joto unateremka tena. Lakini ile mashini niliifunga mwenyewe ndani ya kigodoro cha mtoto na ilifika nzima. Kilichoharibika ni kitu kingine, na leo nitakisema, maana nimechoka kubeba lawama isiyo yangu.

Kwanza mumjue Aurélie. Ni binti wa familia ya walimaji wa hapa hapa Kasongo, watu wa kanisa, watu wakimya. Alisomea mambo ya kompyuta Bukavu. Wenzake walibaki huko au wakaenda mbali zaidi. Yeye alirudi na mizigo miwili, mmoja wa nguo na mmoja wa waya. Anakaa katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mama yake, anatengeneza simu za watu ili ale, na muda unaobaki anaandika programu. Ukimsalimia wakati anaandika, jibu utalipata kesho. Wengine wanasema ana maringo. Hana maringo, hajakusikia tu.

Ana mdogo wake, Cadette, ambaye jicho lake la kushoto halioni. Cadette alichanjwa surua akiwa na miezi tisa, na kadi yake ina alama. Alipofika miaka minne akashikwa na surua hiyo hiyo, ikamla jicho. Kumbe frigo ya kituo alikochanjiwa, lile jokofu la kutunzia chanjo, ilikuwa imezimika siku nyingi, na karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni ilijazwa digri nne asubuhi na digri nne jioni, kwa kalamu moja, na mtu aliyekuwa amekaa nyumbani kwake. Chanjo ya surua ikipata joto inabaki maji tu. Aliyembeba Cadette mgongoni kumpeleka kuchanjwa siku ile alikuwa Aurélie, na umri wake ulikuwa miaka kumi na miwili. Alinieleza haya mara moja, tukisubiri mvua ipite chini ya kibanda cha njiani, na hakuyarudia.

Ndiyo maana akatengeneza kisanduku chake. Ndani kuna kompyuta ndogo isiyozidi kiganja, pima-joto lenye waya unaoingia kwenye frigo ya chanjo, kifaa cha kadi ya simu, betri, na paneli ya jua. Kila saa kamili kinapima joto na kutuma ujumbe. Frigo ikipita digri saba, moja kabla ya nane inayoharibu chanjo, kinatuma wakati wowote, bila kungoja saa, kwa mwuguzi na kwa Aurélie pia. Na mganga akitaka kujua mwenyewe, anaandika neno «joto» kwenye simu yake, kisanduku kinamjibu.

Vifaa hivyo alivipata sokoni, vya kuokoteza, havikuja na programu yoyote. Ikabidi aandike mwenyewe ile sehemu inayokaa chini kabisa, kwenye kerneli. Kerneli, alivyonieleza, ndiyo inayoamuru vyote vingine ndani ya kompyuta. Programu ya juu ikianguka inaanguka peke yake. Ukikosea ndani ya kerneli, mashini nzima inakutazama bila kupepesa.

Na ilimtazama, jamani. Ilimtazama sana.

Kisanduku kiliwekwa katika kituo cha afya huko Kabambare, ambako Cadette ameolewa. Mganga mkuu alikubali kukijaribu. Aliyepewa kukisimamia ni mama Consolée, mwuguzi wa chanjo, mwanamke ambaye hata dawa ya meno anaipanga kwa tarehe. Kwa sababu siku za mwanzo kuna mtu alichomoa waya za kisanduku ili achaji simu yake, Aurélie alikifungia ndani ya kizimba cha chuma na kufuli, na ufunguo akaubeba yeye. Matokeo yake mnayaona. Kikikwama huko, mtu wa kwenda kukiamsha yuko huku, na dereva wa kumpeleka ni mimi.

Mara ya kwanza kilikwama baada ya siku tisa. Tulikwenda siku nzima, akafungua kizimba, akabonyeza kitufe kimoja, kisanduku kikaamka. Kitufe kimoja. Nilikaa kwenye ngazi ya kituo nikiangalia matope yaliyokauka miguuni mwangu.

Alisema ni joto la chuma. Akatoboa matundu kwenye kizimba.

Mara ya pili, wiki mbili baadaye, alipata kosa la kweli, na hapo ndipo aliponieleza habari ya makufuli. Alikuwa amekaa kwenye baraza la kituo, kompyuta yake kubwa magotini, mimi nakula muhogo.

«Papa Kitenge, ndani ya mashini kuna kazi nyingi zinazokwenda pamoja,» alisema. «Pima-joto ni moja, njia ya ujumbe ni moja. Kazi mbili zikishika kitu kimoja kwa pamoja, zinakiharibu. Kwa hiyo kila kitu kina kufuli lake. Anayetaka kukitumia anafunga kwanza, akimaliza anafungua. Mwingine akikuta kumefungwa, anangoja.»

«Kama pompi yetu ya parking,» nilisema.

«Kama pompi yenu. Sasa mimi hapa, kama mtandao hauko, programu inarudi njiani na haifungui. Imeondoka na kufuli mkononi. Mwenzake atangoja mpaka mwisho wa dunia.»

Alirekebisha: penye njia ya kurudi baada ya kushindwa, aliandika kufungua. Nilimuuliza swali moja, na naomba mlikumbuke. Nilimuuliza, «Na makufuli yakiwa mawili? Umeandika kibao mle ndani kama cha parking?»

Alicheka. «Papa Kitenge, kile kibao nani aliwaandikia?»

Ni kweli, ni yeye. Hapa lazima niseme aibu yangu, sina njia nyingine. Parking yetu ina pompi moja na presi moja, ile ya kubana rustini, kiraka cha mpira, kwa moto. Ukipata pancha unahitaji vyote viwili: pompi kujaza mpira uone tundu liko wapi, presi kuliziba, kisha pompi tena. Siku moja mimi na dereva mwenzangu Pitchou tulipata pancha kwa wakati mmoja. Mimi nikashika pompi. Pitchou, mjanja, akakimbilia presi akaikalia. Nikamwambia nipe presi nimalize. Akasema nipe pompi kwanza. Mimi ni prezida, siwezi kumpa Pitchou. Pitchou ni Pitchou, hawezi kumpa mtu yeyote. Tulikaa hivyo kuanzia saa tatu mpaka adhana ya mchana, mimi na pompi yangu kwenye mapaja, yeye juu ya presi yake, abiria wanachukuliwa na parking ya ng'ambo, na Faradji naye mwenye pancha ya tatu amesimama kati yetu akiomba chochote.

Aurélie alikuwa abiria wangu siku hiyo. Alituangalia kwa muda mrefu, akaomba rangi na ubao. Aliandika: POMPI KWANZA, PRESI BAADAYE. ASIYE NA POMPI ASIGUSE PRESI. KURUDISHA: PRESI, HALAFU POMPI. Akatueleza kwamba si lazima mtu awe mwema, ni lazima wote wapitie mlango mmoja kwa mpangilio mmoja. Wakifanya hivyo hakuna siku ambapo wawili watashikana hivyo. Kuhusu kurudisha, alisema hata ukigeuza mpangilio hamtakwama, lakini ukizoea kurudisha cha mwisho kwanza hutasahau kitu. Sisi tukaongeza adhabu yetu: atakayevunja kibao anafagia parking nzima Jumamosi, mbele ya watu. Nimeshafagia mara moja. Pitchou, mara sita.

Basi turudi Kabambare. Mara ya tatu kilipokwama, Aurélie alikuwa amekonda. Alibadilisha betri, akabadilisha waya, akakaa chumbani kwake Kasongo na kisanduku cha pili kinachofanana na kile, akakijaribu siku kumi mfululizo, akikiuliza joto kila alipokumbuka. Hakikukwama hata mara moja. Huku kizima, kule kinakufa. Tofauti iko wapi? Akawaza, akawaza, akaja parking, akasimama mbele ya piki yangu na kusema kwa upole, ule upole unaouma:

«Papa Kitenge, labda ni mtikisiko wa barabara.»

Mtikisiko. Mimi ninayebeba mayai ya mama Léocadie kutoka Lusangi bila kuvunja hata moja. Niliwasha piki nikaondoka. Lakini Pitchou alisikia, na jambo akilisikia Pitchou, limesikika sokoni kote. Mpaka kanisani watu walianza kuniangalia.

Kisha ikafika mara ya nne. Jumatatu mama Consolée alipiga simu: kisanduku iko kimya tangu jana saa nane. Na mganga mkuu akachukua simu yake, akasema bila kelele kwamba amevumilia vya kutosha. Ataruhusu kiamshwe mara moja hii tu. Kikikwama tena kinatolewa, na frigo itasimamiwa kama zamani, kwa karatasi na kalamu.

Aurélie alikata simu, akakaa chini. Nilidhani atalia. Alisema tu, «Mutoto wa Cadette anatimiza miezi tisa Jumamosi.»

Nikaenda kujaza mafuta.

Tulifika Kabambare Jumanne jioni, na Jumatano asubuhi alikaa barazani kama kawaida. Safari hii hakubonyeza kitufe. Aliunganisha kompyuta yake na kisanduku kikiwa bado kimekwama, akaanza kukichunguza kama mtu anayepekua mifuko ya maiti. Mimi nilikuwa nimechoka, nimenuna, nimekaa pembeni na mama Consolée, ambaye naye alikuwa ananuna kwa zamu yake.

«Mimi nimefanya kazi yangu,» mama Consolée alikuwa anasema. «Kila saa nimeuliza. Hata siku ya mvua. Mutu asinisingizie.»

«Hakuna anayekusingizia, mama,» nilimwambia. «Anayesingiziwa ni mimi.»

«Saa ikigonga tu, natuma. Saa mbili kamili, saa tatu kamili. Ninaangalia simu, dakika ikigeuka tu, natuma. Sijachelewa hata mara moja.»

Aurélie aliinua kichwa.

«Mama, unauliza saa kamili kabisa?»

«Sasa ningeuliza lini?»

«Lakini saa kamili kisanduku chenyewe kinatuma. Unaupata ujumbe wake.»

«Ninaupata. Lakini kile kinasema kinavyotaka chenyewe. Mimi lazima niulize, ndiyo kusimamia.»

Aurélie aliinamisha kichwa tena. Alisoma mistari kwenye kompyuta, akapanda juu, akashuka, akapanda. Halafu akaacha kugusa chochote. Nimembeba huyu binti miaka miwili na sijawahi kumwona na uso kama ule. Aligeuza kompyuta upande wangu, kana kwamba mimi najua kusoma mambo yale, akaweka kidole.

«Kazi ya kwanza,» alisema, «ni ile ya kila saa. Inafunga pima-joto, inapima, halafu inataka kufunga njia ya ujumbe ili itume. Kazi ya pili ni ya kumjibu mama Consolée. Swali linaingia, inafunga njia ya ujumbe kwanza, halafu inataka pima-joto ili ipime.»

Kichwa changu si chepesi, lakini hiki nilikielewa mpaka kwenye magoti.

«Wewe Aurélie,» nilisema. «Mmoja ameshika pompi, mwenzake amekalia presi.»

«Ndiyo, papa.»

«Na kila mmoja anangoja.»

«Ndiyo.»

«Na Kasongo hakikukwama kwa sababu wewe unauliza ovyo ovyo, saa yoyote. Huku kinakwama kwa sababu mama huyu hachelewi hata dakika.»

«Ndiyo, papa. Si kila mara, ni mpaka kazi hizi mbili zikutane hasa. Lakini anauliza mara kumi na mbili kwa siku.»

Mama Consolée alisema kama kosa ni kuwahi basi yeye atakufa nalo.

Na mimi hapo nilipandwa na hasira, sifichi. Nilisimama. Nilimwambia kwamba nimesukuma piki mara nne katika barabara ile, nimeitwa mharibifu kanisani, nimefagia parking mbele ya Pitchou kwa sababu ya sheria yake yeye, iliyoandikwa kwa mkono wake yeye, kwa rangi nyeupe, na madereva wa piki wasiomaliza shule wanaifuata kila siku ya Mungu, na yeye mwenyewe mle ndani ameandika pompi kwanza mahali pamoja na presi kwanza mahali pengine. Nilimuuliza kama hakuna hata mtu mmoja mle ndani wa kumwonya.

«Yuko,» alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. «Kerneli ina mlinzi wake. Anaandika kila kazi imefunga nini kabla ya nini, na akiona mpangilio umegeuka anapiga kelele, hata kama hakuna aliyekwama bado. Nilimzima. Anakula nguvu ya betri, na anasema sana.»

Nilikaa chini tena. Kuna hasira ambayo ikizidi inageuka usingizi.

Alimwasha mlinzi wake. Kabla hata ya saa nne, bila mtu kukwama, mlinzi alitoa mistari mirefu akimwonyesha mahali pale pale. Alirekebisha kwa kugeuza ile kazi ya pili: swali likiingia, kwanza pima-joto, halafu njia ya ujumbe, na katika kurudisha, njia ya ujumbe kwanza, pima-joto mwisho. Maneno mapya hayakuzidi mistari sita. Miezi minne, na mistari sita.

Halafu alimwomba mama Consolée asibadilishe kitu. Aulize vile vile, dakika ikigeuka. Saa tano kamili mama Consolée akatuma, na majibu mawili yakaja, la kila saa na la swali lake. Saa sita, mawili. Aurélie akamwomba atume mfululizo, na yeye mwenyewe akaamuru kisanduku kipime bila kupumzika, mpaka jioni. Mlinzi hakusema neno. Tulirudi Kasongo Alhamisi. Mimi nilikuwa bado nimenuna, na yeye alijua.

Jumamosi nilifika parking saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilimkuta Aurélie pale na ufagio. Alikuwa ameanzia upande wa kibao, anafagia majani ya mahindi, vipande vya mipira, mavi ya mbuzi, na Pitchou amekaa juu ya piki yake anamwangalia mdomo wazi. Hakuna aliyemwambia aje. Pitchou alipomuuliza kafanya nini, alijibu, «Presi kwanza.» Halafu akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba barabara haikuharibu kitu, na dereva hakuharibu kitu.

Saa moja na robo simu yake ililia mfukoni. Alisoma, ufagio ukaanguka. Ujumbe ulitoka kwenye kisanduku: digri saba na nusu, na joto linapanda. Akampigia mama Consolée, ambaye alikuwa njiani kwenda kituoni kufungua chanjo za Jumamosi, na hiyo saa kamili ijayo aliyoizoea ilikuwa bado dakika arobaini na tano. Tulimsikia mama anakimbia. Panya walikuwa wametafuna waya wa frigo wakati wa alfajiri. Alihamisha chupa zote kwenye sanduku la barafu, akatuma neno: digri tano, hakuna iliyopita nane.

Aurélie alikaa kwenye benchi letu, simu mkononi. Sisi nasi tuliacha kazi. Abiria wawili walituuliza bei hatukuwajibu.

Karibu saa tatu simu ililia tena. Alikuwa Cadette, na sauti yake haikusikika vizuri kwa sababu ya kilio cha mtoto.

«Amechomwa sindano,» Cadette alisema. «Sikia vile iko analia.»

Aurélie alisikiliza kile kilio mpaka kilipopungua. Akaweka simu mfukoni, akajifuta uso na kanga, akainama kuchukua ufagio. Nilimwambia aache, inatosha, mwanangu, Pitchou atamalizia.

«Upande wa pili bado, papa,» alisema, akaendelea kufagia.